Kitwitwi Aliyepaka Hina

Kabla sijafungua mdomo, shoga, weka mkono kifuani uniapie: haya hayatoki chumbani humu, na Unguja ndiyo kabisa yasifike. Umeapa? Haya. Ingawa utayapeleka wapi, na tufani hii! Tangu juzi tumefungiwa gorofani hapa Guangzhou, madirisha tumeyabandika tepu za gundi kama vidonda. Yule laoban wangu, mwenye karakana ya jinzi kule Xintang, tajiri mzima, nikimpigia simu ananijibu neno moja: "Meiyou, meiyou." Hakuna, hakuna. Kafunga karakana. Nami nikifungiwa ndani hivi, nakumbuka.

Nilipokuwa mtoto, ndiyo kwanza nimevunja ungo, waliniweka ndani. Nyie wa siku hizi hamjui. Unatiwa chumba cha uani, dirisha limezibwa kanga, jua unalisikia kwa wenzio. Unasuguliwa liwa, unanenepeshwa kama jogoo wa sikukuu. Kungwi wangu alikuwa bibi yangu mwenyewe, mama yake mama, Bi Mize. Mkali huyo! Mtaa mzima ulimpelekea wari wao, maana mwari wa Bi Mize hata kivuli chake hakikuonekana mlangoni. Na mimi nilikuwa mtoto wa mbio, wa kuokota kombe maji yakipwa. Bahari naisikia, siioni. Nililia mpaka sauti ikakauka.

Mjomba Haji akanionea huruma, akaniletea kitwitwi aliyenasa kwenye wavu wa dagaa. Unawajua, vile videge vya pwani vyenye miguu kama njiti za kiberiti, vinavyokimbizana na maji. Nikamfunika tenga la kuku, nikamlisha vijidudu. Tukawa tunatazamana, wafungwa wawili. Nikimwambia habari zangu zote, na hakunisengenya hata mara moja. Ha!

Sasa sikiliza. Vitwitwi huja kwetu na kaskazi, wana rangi ya mchanga mtupu. Masika yakikaribia, vifua vyao vinaiva vyekundu. Wazee wakisema wamepaka hina, wanakwenda harusini. Harusi ya wapi, hakuna ajuaye. Na ukimzuia aliyepaka hina kwenye nyumba yenye mwari, nyota zao zinafungamana. Yeye akiikosa harusi, mwari naye hatoki, atazeekea ndani.

Siku moja Bibi kaja na sinia la chakula, kafunua tenga. Kifua chekundu kama kiganja cha bibi harusi!

"Nani kamleta huyu?"

"Mjomba Haji."

"Haji hana akili tangu kuzaliwa! Wenzake wamejikusanya mchangani wanaondoka. Wewe unataka kuozea humu?"

"Basi mpeleke wewe, Bibi."

"Mie nimeolewa mara tatu, nitafute nini tena? Mgeni anasindikizwa na aliyelala naye chumba kimoja."

Kisha akaliweka sinia chini. Mwari haoni jua. Mgeni haondoki bila kusindikizwa. Na yote mawili alitufundisha yeye.

"Lete kanga zako," akasema.

Ilikuwa Ijumaa, wanaume wako msikitini. Akanivika buibui lake, akanifunza kuchechemea kama yeye, kitwitwi kwapani. Yeye Bi Mize, kungwi wa mtaa, akajifunga kanga zangu, akapanda kitandani kwangu akajifunika gubigubi. Kawa mwari! Wallahi nikikumbuka mbavu zinaniuma!

Njiani jirani akaniamkia: "Shikamoo, Bi Mize!" Nikakohoa. "Marahaba."

Ufukweni nikasita. Sikutaka kumwachia, shoga. Nikimwachia, narudi chumbani peke yangu. Moyo wake unapiga kwenye kiganja changu, na wenzake wale, mchanga umejaa, wekundu watupu. Nikafungua mikono. Hakuruka. Alikimbia, akasimama, akakimbia tena. Ghafla kundi zima likanyanyuka, naye ndani yake, sikumjua tena yupi ni yupi. Nikabaki na jua usoni. Ningeweza kukimbia. Lakini Bibi yuko ndani badala yangu.

Nikarudi. Chini ya shuka nikasikia: "Karuka?"

"Karuka."

"Haya, vua buibui langu. Na umenuka pwani, kaoge."

Kaskazi nyingine haijaja, nikaolewa. Nimetoka mpaka nimepitiliza, mpaka Uchina! Miaka yote nikadhani hina na nyota ni maneno tu, Bibi alitaka nipate jua kidogo na hakujua namna ya kusema.

Jana, mvua inapiga, nikaambiwa kwenye simu: videge vile vinaruka mpaka mwisho wa dunia, kwenye barafu. Huko kuna majira jua halizami, mbweha weupe wanageuka kahawia, paa wenye mapembe wanahama makundi kwa makundi. Ndipo vitwitwi wanapooana, wanataga chini kwenye nyasi, kisha wanarudi kwetu. Na ule wekundu ni wa kutafutia mchumba.

Kumbe harusini kweli! Nilicheka, halafu nikalia. Bibi hakupata kuona barafu hata ya kwenye glasi.

Aliyenihadithia ni Zuhura, binti wa kaka yangu, anayesomea wanyama chuoni hapa. Hata yeye sikumwambia nani alilala kitandani kwangu Ijumaa ile.