Liboke Siku ya Kumwaga Zege

Tonton, mdogo wake baba, alinikabidhi kiwanja chake cha Kabondo na imani yake yote. Miaka mingi aliuza samaki wakavu kutoka Basoko; sasa alitaka duka chini, na juu vyumba vya kuzeekea yeye na mkewe. Nilimchorea sakafu ya ghorofa isiyo na mihimili, bamba la zege linalokaa juu ya nguzo tu. Majirani walicheka: bila mihimili itashikwa na nini? Nikawajibu kwa kiburi cha mwenye diploma kwamba itashikwa na hesabu.

Hesabu zilikuwa sawa. Juu ya kila nguzo nilipanga nondo nene, zibaki karibu na uso wa zege, maana sakafu ya aina hiyo huanza kupasukia hapo. Lakini kwetu zege humwagwa kwa mabeseni, watu wakipita juu ya nondo hizo hizo. Kazi yangu siku ile ilikuwa moja: kusimama pale na kuhakikisha kila nondo iliyokanyagwa inainuliwa kabla haijafunikwa.

Ikafika saa ya kula. Siku ya zege mwenye nyumba hulisha watu, na mhandisi huketi kando yake.

"Kuya kula, mutoto yangu," tonton aliita. "Zege iko inaenda bien."

"Tonton, nimalize kwanza."

"Donc utanipatisha haya mbele ya batu?"

Nikashuka. Nikala liboke ya samaki waliofungwa na kupikwa ndani ya majani, nikasifiwa, nikanogewa. Niliporudi juu, zege lilikuwa limefunika vichwa vya nguzo nne za katikati, nami sikujua kama nondo zake ziliinuliwa. Lilikuwa bado bichi. Ningeweza kulifukua. Niliona aibu kuwarudisha watu nyuma, nikaacha kazi iendelee.

Maji yakimwagika hayazoleki, sembuse zege. Tulipoanza kutoa miti iliyotegemeza sakafu, nyufa zikazizunguka nguzo zile nne. Nikaamuru miti irudishwe. Ipo hadi leo, duka halijafunguliwa, na mke wa tonton anaanika nguo katikati yake. Wao bado wamepanga chumba kwa watu.

Nikienda kuwasalimu, hunipakulia samaki. Juzi tonton aliitazama ile miti, akasema taratibu, "Kosa iko yangu. Ni miye nilikuita kula."

Sikumkatalia. Niliendelea kula.