Seli za Babu na Aibu ya Baba

Mikono ya babu ilianza kutetemeka mwaka nilioingia kidato cha pili, na mimi, msichana nisiye na adabu, nilimwambia anapiga gitaa lisiloonekana. Alicheka. Kwetu Nyamira babu na mjukuu hutaniana wapendavyo. Yeye huniita mke wake mdogo na kulalamika kwamba sijui kupika. Ukuta uko kati ya mzazi na mtoto. Tunauita chinsoni, aibu ya heshima. Baba yangu hawezi kutaja mambo ya mwili wa baba yake, wala kukaa yakitajwa mbele yake.

Kicheko kiliisha kwenye kituo cha kununulia majani chai. Karani alimwaga kikapu cha babu mezani, akakuta vijiti na majani yaliyokomaa badala ya majani mawili na kichipukizi, akakataa yote. Mzee aliyeipanda ile michai akabeba kikapu kurudi nyumbani, wanawake wa kijiji wakitazama.

"Nikitolewa kwenye chai," aliniambia, "nitabaki kuchunga kuku."

Alitaka mikono yake tu. Hakuomba kingine.

Baba akampeleka hospitali moja mjini Kisii. Daktari alikuwa mtu wa Pwani asiyejua Ekegusii, kwa hiyo baba akawa mkalimani. Babu, anayesikia Kiswahili kidogo lakini hawezi kukizungumza, alinisimulia baadaye ukalimani wenyewe. Mzee anapata choo? Hana shida. Hupiga kelele usingizini, hurusha ngumi? Hana shida. Babu mwenyewe hakuulizwa swali hata moja. Angeulizwaje na mwanawe? Walirudi na chupa ya vitamini na jina la ugonjwa: uzee. Akameza vitamini karibu mwaka mzima, huku vifungo vya shati vikimshinda.

Likizo ya Aprili nikasema nitampeleka mimi kwa daktari yuleyule. Baba alikuja nasi lakini akabaki kwenye benchi la nje, na uso wake ulionyesha nimemwokoa.

"Sokoro," nikamwambia babu kwa lugha yetu, "daktari anauliza kama unaenda choo."

"Mwambie naenda kutembea tu. Sipeleki kitu."

"Na usingizini unapigana?"

"Amuulize nyanya yako kwa nini alihamia jikoni."

Nilitafsiri nikicheka. Daktari hakucheka. Aliweka kalamu chini akauliza kama haya yalikuwapo mwaka jana. Babu akasema yalianza hata kabla ya mikono.

Daktari akatueleza polepole: huu si uzee bali ugonjwa wa ubongo, na choo kigumu na ngumi za usingizini ni dalili zake za mapema. Katikati ya ubongo kuna seli chache zinazotawala mwendo. Kila seli hutumia oksijeni kupata nguvu, na katika kuitumia hubaki sumu inayoichoma yenyewe. Seli zenye afya hujisafisha. Za babu zimeshindwa. Nikamwambia babu ni kama majani yaliyoshindiliwa kwenye gunia: huko ndani yanashika joto na kugeuka mekundu, na wewe uliyelibeba mgongoni huoni kitu. Alielewa kuliko mimi.

"Na hakuna cha kuzilinda?" nikamuuliza daktari.

Kumbe kipo, au kinatafutwa. Daktari alisema ng'ambo wanajaribu protini fulani, kazi yake kuzikinga seli hizo zisichomeke. Nikamwambia kama ni protini, shuleni tunakula maharagwe kila siku na bado hesabu zinatushinda. Akasema hii ukiila tumbo litaisaga kama nyama yoyote. Sharti iingizwe ubongoni kwenyewe. Hadi sasa walioipata zaidi ni panya.

"Panya," nikamwambia babu. "Panya wa Ulaya wako mbele yako kwenye foleni."

"Hao panya wana chai ya kuchuma?"

Kisha akaacha utani. Akauliza, ikiletwa, mikono itarudi? Daktari alijibu kwamba hata hiyo ingelinda seli zilizo hai tu, haifufui zilizokufa, na sehemu kubwa ya zake zilikuwa zimekwisha. Atampa vidonge vya kutuliza mikono kwa saa chache kila siku. Ingekuwa heri angeviandika mwaka jana, mzee angechuma msimu mzima. Hayo niliyatafsiri neno kwa neno, nikitazama sakafu.

Nje baba alisimama. "Daktari amesema nini?"

Nilikuwa na hasira ya kumlipua. Lakini yule ni baba yangu, na ukuta unaomfunga yeye unanifunga na mimi. Mdomo huu uliomtukana kila mwalimu wa shule yetu kimoyomoyo ukagoma.

"Vidonge," nikasema. "Mara tatu kwa siku."

Baba alipokwenda dirisha la dawa kuvichukua, nikamgeukia babu. "Mwambie wewe kwamba ile 'hana shida' yake imekula mwaka wako."

"Mimi ni baba yake," alisema babu. "Mambo ya choo nitayaanzia wapi?"

Baba akarudi na bahasha ya vidonge, akitabasamu, akauliza kama mzee sasa ataweza kurudi kwenye chai. Babu akamwambia hana shida.