Gunia Bichi

Kila nikinusa petroli, namkumbuka baba akiuza injini kuukuu ya boti pale Nkome. Ikiwa baridi, haikuwaka hata uvute kamba mara ishirini. Alfajiri ile aliiwasha kwa taabu, akaizima, akanipa gunia bichi niipoze kwa nje kabla mnunuzi hajaja.

"Ng'ombe wawili," baba alimwambia. Mnunuzi akavuta kamba, ikanguruma papo hapo. Akanigeukia mimi.

"Mwanangu, leo imeshawashwa?"

"Bado, baba," nikajibu, nimelikalia gunia.

Akaifunga kwenye boti yake, akaondoka na mkewe na mtoto wa rika langu. Tulisikiliza mlio ukienda mbali, kisha ukakatika ghafla.

"Upepo umegeuka tu," baba akasema.

Hata tete moja halikutikisika ufukweni.