Picha Niliyoipima kwa Shubiri

Mdogo wangu alipozaa akiwa na miaka kumi na saba, alipigwa picha. Mimi nilipozaa kwa umri huohuo, katika nyumba ileile ya kijijini Kola, nilipigwa pia, ila si picha. Nalisema hili mapema ili ijulikane nilisimama upande gani siku mpiga picha alipoingia kwetu, kamera mbili shingoni.

Alikuwa mwanamke wa rika langu, kutoka Nairobi. Alitueleza kwamba anapiga picha za wazazi walio bado watoto: wanavyoamka, wanavyopika, wanavyobembeleza. Zingetundikwa kwenye ukumbi mmoja mjini Machakos, watu waje watazame. Kila atakayeonekana ataulizwa kwanza. Akikataa, picha haitundikwi.

"Na mwenye alikuwa mzazi mtoto zamani?" nikamuuliza.

"Vipi?"

"Niko na kijana wa miaka kumi na sita. Piga hesabu mwenyewe."

Akacheka, akasema kazi yake ni ya walio watoto sasa. Nikaelewa kwamba hata aibu ina tarehe ya mwisho, kama maziwa ya pakiti, na yangu ilishapita.

Mimi nauza mapazia ya mitumba sokoni Machakos. Pazia la mitumba halina lebo ya kuaminika, kwa hiyo napima kwa shubiri, kutoka ncha ya kidole gumba hadi ya kidole cha mwisho. Napima mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza mkono humpendelea mwenye mali. Nyumbani huniita kukiwa na jambo la kupatana, na siku hiyo mwaitu, yaani mama, alinisukuma mbele: "Ongea na huyu wa picha. Usiache tuuzwe."

Nikapatana naye. Mtoto asipigwe akiwa uchi. Mwaitu asipigwe bila kitambaa kichwani. Picha tuzione kabla hazijaenda popote. Alikubali yote papo hapo, jambo ambalo huniudhi kwa mteja yeyote, maana ni ishara kwamba ningeweza kuomba zaidi.

Nilichokitaka hasa sikukiomba. Nilitaka picha yangu na mwanangu akiwa mchanga, na hiyo hakuna kamera inayoweza kuirudia. Kwenye harusi ya binamu yetu, tumbo likiwa limeshajitokeza, nilipewa mikoba ya wanawake wote nishike nyuma ya tenti mpaka picha ziishe. Mpaka leo ukiifungua albamu ile utaona ukoo mzima umejipanga, mikono mitupu. Mikoba niko nayo mimi.

Basi kila Jumamosi aliyokuja, nilifunga kibanda mapema nikaenda Kola. Kwetu picha ni kitu cha kuogea kwanza. Mwaitu alitandika vitambaa vya kufuma juu ya viti na kufukuza kuku sebuleni, nami nikamletea mdogo wangu gauni la maua kutoka kwa jirani yangu sokoni. Kufikia saa sita gauni lilikuwa na maziwa begani, akalivua, akavaa fulana iliyotoboka. Hapo ndipo kamera zilipoanza kazi. Mimi nilikuwa mlangoni na gauni langu la kijani, wima, mikono mbele, kama niko studio ya picha za kitambulisho. Kamera ilikuja hadi kwangu, ikasimama kidogo, ikapita.

"Dada, jisahau kidogo," mpiga picha akaniambia.

"Nimesahauliwa na wengine miaka yote hii. Sasa nami niwasaidie?"

Jumamosi iliyofuata nilivaa na herini.

Kilichoniuma zaidi kilikuja jioni, kikiwa na tope hadi viwikoni. Baba wa mtoto alikuwa kijana wa miaka kumi na minane aliyemaliza sekondari, akifyatua matofali bondeni. Akifika ananawa, anamchukua mtoto, anamfunga mgongoni kwa leso na kuzunguka naye uani. Wenzake walimpigia miluzi kutoka barabarani: "Niaje, mama watoto!"

"Pangeni laini," akawajibu, "na nyinyi nitawabeba."

Baba wa wangu alisema anaenda Athi River wiki moja, kutafuta kazi viwandani. Labda laini bado ni ndefu.

Tena kuna hili la jina. Kwetu mtoto wa msichana ambaye hajaolewa huchukua jina la upande wa mama yake. Mwanangu alipewa jina la baba yangu, ndiyo maana mwaitu humwita "mume wangu" na kumuuliza nyama iko wapi. Lakini Jumamosi moja mama wa yule kijana alikuja na kikapu cha sukari na unga, akakaa kwenye kiti cha kitambaa, akaomba kwa unyenyekevu mtoto aitwe jina la mumewe. Wangu hakuna aliyekuja kumwombea hata herufi moja.

"Huyo basi ni mume wako," mwaitu akamwambia. "Mimi wangu nishampata, japo ni bahili."

Wakacheka. Mimi nilikuwa nimeshavua gauni la kijani, kwa sababu mtu wa kupika chai alikuwa ni mimi. Nilichuchumaa motoni na leso kuukuu. Kijana akaomba maji ya uvuguvugu, akaanza kumwogesha mtoto kwenye karai mbele ya bibi wawili, huku mdogo wangu ameegemea ukuta akila ndizi. Sikusikia kamera.

Wiki chache baadaye mpiga picha alileta picha sokoni, mdogo wangu akaja na mtoto, tukazitandaza juu ya mapazia. Mdogo wangu dirishani. Mdogo wangu amesinzia. Mdogo wangu na mtoto, tena. Halafu ile ya mwisho: mbele, mikono ya kijana ndani ya karai, mtoto amefunikwa taulo; nyuma, mimi, kitambaa kimeteleza kichwani, sufuria inafurika nami sina habari. Na uso wangu. Mtu hakuhitaji kuelezwa.

"Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote," mpiga picha akasema. "Lakini wewe ndiye wa kuamua."

Nikafikiria wateja wangu wakisimama mbele ya uso ule. "Hapana."

Akaichukua, akaanza kuirudisha kwenye bahasha.

"Ngoja. Kwani wewe huwezi kubishana hata kidogo?"

Mdogo wangu akaivuta. "Kwani ulikuwa unaniangalia hivi?"

"Sikuwa nakuangalia wewe."

Akayafuata macho yangu kwa kidole, polepole, mpaka kikafika kwenye ile mikono.

"Wako alikuwa anaogeshwa na nani?"

"Na mwaitu. Wakati huo hakuwa anaongea na mimi."

Alimhamisha mtoto bega moja hadi lingine. "Basi itundikwe. Hata mimi nijulikane niko na kitu cha kuonewa wivu."

Huyo ndiye mdogo wangu. Nikamgeukia mpiga picha: itundikwe, ila isiwe ndogo kuliko ile yake ya dirishani, na isiwekwe nyuma ya mlango.

"Zote zitakuwa saizi moja," akasema.

Hivyo ndivyo kila muuzaji husema.

Siku ya ufunguzi tulienda wote. Nilivaa lile la kijani. Watu walisimama kwenye picha yangu zaidi kuliko nyingine, nikawahesabu, nikarudia kuwahesabu. Mama mmoja akasema, "Ona dada anavyompenda mdogo wake." Sikumsumbua.

Mwanangu, aliyenipita urefu tangu mwaka jana, aliitazama kwa muda mrefu.

"Mathe, hapa ulikuwa unakasirikia nani?"

"Moshi."

"Moshi unaenda upande ule mwingine."

Mtoto wa nani, huyu.

Watu walipoondoka kwenda kunywa chai, nikainua mkono nikapima ile ya dirishani: shubiri nne na nusu. Nikaja kwangu: shubiri nne na nusu, na upana wa kidole.

"Na hupimi mara ya pili?" mwanangu akauliza.

Nikachukua mkoba wangu, tukaenda kunywa chai.