Kitabu cha Ndege Nilichokisomea Matangani

Walionilia shamba langu la chai ni wawili: shemeji yangu mkubwa, mzee wa kanisa, na mama yake, huyo aliyenizalia mume. Majina siyaandiki, lakini kule kwetu, juu ya Keroka, kila mtu anawajua.

Mume wangu alikuwa mpishi wa mzungu mmoja kwenye mashamba makubwa ya chai. Mzungu alipofunga virago, miaka ile baada ya uhuru, alimwachia sanduku la vikombe, na chini ya vikombe kulikuwa na kitabu. Visa vya kuchekesha, vya mtu anayezunguka na darubini akitazama ndege. Si kuwawinda, kuwatazama tu. Mimi niliishia darasa la sita. Neno la Kiingereza nisilolijua nililiruka kama dimbwi, nikaendelea.

Kisha lori likapinduka na mume wangu yumo. Nikanyolewa, nikakaa ndani. Kwetu mjane hatembei ovyo wala hacheki, mpaka siku atakapochagua ndugu wa marehemu wa kukaa naye. Shemeji alingoja nimchague yeye. Chai ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kuchumwa, na mimi nina wasichana wawili, mvulana wa kurithi shamba sina. Nilishawaambia: sichagui mtu.

Wiki ya tatu mama mkwe aliniletea uji, akanikuta na kitabu.

"Nisomee na mimi," akasema, "moyo upoe."

Nikamgeuzia kwa Kikisii kisa cha yule mzungu wa kitabuni aliyelala kwenye matope asubuhi nzima akimvizia ndege adimu. Siafu wanamwingia surualini, na ndege mwenyewe ametua juu ya kofia yake. Mkewe ndiye aliyemwona.

"Ngoja kwanza. Akimpata, anamla?"

"Hamli, mama. Anamwandika kwenye daftari."

"Anamwandika! Kwani huyo mtu hana shamba la kulima?"

Mama alicheka mpaka uji ukamwagika. Akashika mbavu, akataka nirudie pale pa siafu. Na mimi kicheko changu ni kikubwa, kilivuka migomba.

Jumapili shemeji akaita ukoo.

"Kaburi la ndugu yangu halijakauka, na mke wetu anacheka," akasema. "Mwulizeni anajua nini kuhusu lile lori."

Akainua kitabu, amekifungua penye picha ya bundi. Watu wakasogea nyuma. Uchawi kwetu ukishatajwa, nyumba huchomwa mtu akiwa ndani.

Mzee mmoja akamgeukia mama. "Wewe unakaa karibu naye. Ulimsikia?"

Nikashusha pumzi. Aseme tu kwamba tulicheka pamoja, yaishe.

"Nilimsikia," akasema, akitazama vidole vyake. "Alikuwa peke yake."

Ningepiga kelele, lakini nani angeniamini mimi, amwache mama wa marehemu? Asubuhi yake niliwashika wanangu mikono kabla mtu hajaleta kiberiti. Shemeji alikuwa ameshaingia kwenye chai, kikapu mgongoni. Hata hakungoja tufike barabarani.

Mama mkwe alitusindikiza mpaka uani. Aliwapa wasichana ndizi za kuchoma zimefungwa kwenye jani.

"Usiniombee mabaya, mwanangu," akaninong'oneza. "Nimebaki na kijana mmoja. Yeye ndiye atakayenizika."

"Basi akuzike, mama," nikamwambia.