Vikaratasi Saba vya Kaka Masoud

Namshukuru Mwenyezi Mungu, Mwenye kutoa na Mwenye kuchukua, aliyeniachia macho ya kusoma na mkono wa kuandika katika umri ambao wenzangu wengi wameshatangulia. Rehema na amani zimfikie Mtume wake, ambaye watu wa mji wake walimwita Mwaminifu kabla hajapewa utume, kwa sababu waliweka vitu vyao kwake na wakavikuta. Nimeanza na hilo la amana kwa makusudi, maana ndilo linaloniuma.

Enzi zetu hapa Bagamoyo hakuna kitu kilichokufa mara moja. Sufuria likitoboka lilisubiri fundi wa kulehemu, aliyepita na karai lake la makaa, akakaa kwenye kivuli cha ukuta, na sisi watoto tukamzunguka tukinusa ule moshi mkali kana kwamba ni wa pilau. Kandambili ikichomoka kamba tulipitisha pini chini yake ikaendelea na safari. Daftari la kaka likibakiwa na kurasa nyeupe, mimi mdogo wake niliandikia kuanzia nyuma, na mwalimu wetu hakuona ajabu yoyote. Redio ya baba ilikaa dukani, baina ya majora ya kanga na pipa la mafuta ya taa. Mawe yake, yaani betri, yakichoka, Kaka Masoud aliyaanika juani, juu ya mkeka ule ule wa dagaa, na jioni redio ikasema tena kwa sauti ya mtu aliyetoka kuugua. Mama alilalamika kwamba taarifa ya habari inanuka samaki.

Wajukuu wangu nikiwasimulia haya hucheka mpaka wakashika mbavu. Mmoja aliniuliza kwa nini hatukununua mawe mapya. Nilimwambia mapya yalikuwepo, tena kwenye rafu ya baba yetu mwenyewe. Lakini kuchukua jipya wakati la zamani bado lina pumzi ilikuwa aibu, sawa na kuomba wali mwingine na sahani haijaisha. Aliniangalia kwa huruma, akarudi kwenye simu yake, ambayo ilikuwa ya tatu tangu aanze sekondari.

Mama yetu alikuwa na kazi isiyo na mshahara. Watu walimwekea vitu. Mtu akisafiri kwenda Unguja, au akijaliwa kwenda kuhiji, alileta kwetu cherehani yake, sanduku lake, hata mlango uliong'olewa kwenye nyumba iliyokuwa ikijengwa upya. Mama alifunga kila kitu kikaratasi, akaandika jina la mwenyewe na hali ya kitu kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, kwani ndizo herufi alizozijua. Kaka na mimi alitufundisha uani, kwa mkaa juu ya sakafu, huku uji wa mchele ukitokota kwa nazi na pilipili manga. Ukikosea herufi ulipata uji wa mwisho, ulioshika chini ya chungu. Kaka alikula sana ule wa chini. Hati yake ililala upande kama mtu anayekimbizwa, na haikuwa na irabu hata moja.

Tukicheza kombolela tulijificha nyuma ya masanduku hayo, na sauti ya mama ilitutoa kutoka jikoni: "Tokeni hapo! Hivyo si vyetu, vimelala tu kwetu!"

Kaka Masoud alikua na tabia hiyo. Kutoka kwenye mawe ya redio akaingia kwenye redio zenyewe, kisha kaseti, na kompyuta zilipofika mji wetu akawa fundi wake, katika fremu ndogo isiyo mbali na soko. Alizifufua zilizokatiwa tamaa. Alitoa kipande kwenye iliyokufa akakitia kwenye iliyo mahututi. Miaka ya mwisho mashine zenyewe zilianza kumsema. Ukiwasha moja, inakuandikia kwamba imezeeka, haitahudumiwa tena, utafute nyingine. Kaka aliijibu kwa sauti, peke yake pale: "Nani mzee, wewe au mimi?"

Mwanawe Nassor, anayefanya kazi Dar es Salaam, alimsihi aachane nazo. "Baba, watu siku hizi hawatengenezi. Wanabadilisha."

"Mama yako niliishi naye miaka arobaini, Mungu amrehemu, na sikumbadilisha. Sembuse kompyuta ya mtu?"

"Mama hakuwa anagoma kuwaka, baba."

"Wewe hukuwepo siku zote," kaka akasema, na sote tukacheka, hata Nassor.

Alifariki alfajiri ya Ijumaa, kwa upole, baada ya kuugua siku chache. Tukamsitiri kama inavyopasa. Kabla ya jeneza kuondoka Nassor alitangaza, nami nikiwa ndani na wanawake nilimsikia vizuri: mwenye kumdai marehemu, au mwenye amana yake kwake, aje kwa familia. Hakujitokeza mtu. Wanawake wenzangu wakasema alhamdulillahi, ameondoka mwepesi. Nami nikaamini.

Baada ya hitma mwenye fremu alitaka fremu yake. Nassor na binamu zake wakaenda kuisafisha, nami nikabaki nyumbani na wafiwa wenzangu. Jioni akanijia, ameshika leso nyeupe iliyofukizwa udi, ameibeba kwa mikono miwili.

"Shangazi, hizi ni dua za baba. Alibandika moja kwenye kila mashine. Hatukuthubutu kuzitupa. Tumezibandua polepole kwa maji ya moto, hata moja haikuchanika."

"Na mashine?"

"Mnunuzi mmoja wa vyuma chakavu kutoka Chalinze alikuwa na gari lake hapa. Amezichukua zote. Zilikuwa za zamani mno, Shangazi, huwezi kumpa mtu."

Nilifungua leso. Vikaratasi saba, hati imelala upande. Nilisoma cha kwanza, nikakaa chini. "Ya mama Farida wa Mapinga. Kioo kipya kimetiwa. Akija apewe waya wake, uko kwenye droo."

"Nassor mwanangu, hizi si dua."

"Si Kiarabu?"

"Ni Kiswahili. Ni majina ya watu."

Nassor amehitimu msahafu, tena husoma vizuri. Lakini amefundishwa herufi zenye irabu, na maneno ya Mwenyezi Mungu tu. Hakuna aliyemwambia kwamba kwa herufi hizo bibi yake aliandika hata kwenye mtungi wa bizari. Alikuwa ameifukiza udi orodha ya amana za watu, na amana zenyewe akazipakia kwenye gari. Sikuweza kumkaripia. Mimi ni mwalimu wa chuo cha Kurani miaka mingi, nimefundisha nusu ya watoto wa mtaa huu, na hati ya mama yangu sikumfundisha hata mmoja. Niliona imepitwa na wakati.

Tulipiga simu Chalinze. Mnunuzi alikuwa muungwana, alisikitika, lakini mzigo ulikuwa umeshakwenda kuvunjwa. Yakabaki majina saba, na kaka yangu kaburini na vitu vya watu saba shingoni. Ikabidi niwatafute mmoja mmoja, niwaombe wamsamehe.

Mama Farida alinipokea kwa chai na vitumbua. "Bibi, ile? Mbona nilishanunua nyingine, na hiyo nyingine nimeshaibadilisha! Nimesamehe, nimesamehe, kula kitumbua." Kijana mmoja wa ofisini aliniuliza, "Kwani niliacha kompyuta kwake?" Mwingine alisema kwenye simu, "Haina shida, mama," na nyuma yake nikasikia televisheni. Watu sita walinisamehea kaka yangu kwa namna hiyo, wepesi kama wanaofukuza nzi. Nilishukuru, ila moyo wangu haukutulia. Nimesoma mengi kuhusu kusamehe, sikuwahi kusoma hukumu ya mtu anayesamehe kitu asichokikumbuka.

Wa saba alikuwa Mwalimu Shomari wa Mlingotini, mwalimu mstaafu. Nilikwenda na Nassor. Tulimkuta barazani, akasimama kwa shida.

"Shikamoo, mwalimu," Nassor akasema.

"Marahaba, mwanangu. Bi Rukia, karibuni, karibuni ndani. Poleni sana na msiba. Mmeniletea?"

Ndani palikuwa na mikeka miwili, na meza moja iliyofunikwa kitambaa kilichofumwa maua. Juu ya kitambaa hapakuwa na kitu. Alituambia pale ndipo alipokuwa akiwafundisha watoto wa kijiji, kumi na wawili, kompyuta moja, kila mmoja kwa zamu, na wanaosubiri wakiandika kwenye kipande cha boksi alichokichorea herufi za kibodi. Ilipoharibika aliwaambia wasitawanyike, fundi Masoud anaitengeneza.

Nilimweleza yote, sikuficha leso wala udi.

"Siku ya maziko nilikuwepo," akasema. "Nilimsikia kijana akitangaza. Niliona haya, Bi Rukia. Nisimame mbele ya jeneza la rafiki yangu nidai kompyuta? Nikasema niache arubaini ipite."

Nassor aliinamisha kichwa. "Mwalimu, nitakutafutia mpya."

"Mpya itataka mtandao, na hapa hauna nguvu. Itataka kulipiwa hiki na kile kila mwaka. Ile ilikuwa haitaki kitu ila umeme." Kisha akanigeukia mimi. "Ilikuwa imepona?"

Nikatoa kikaratasi chake, nikasoma kama kilivyo: "Ya Mwalimu Shomari. Imepona. Isipakiwe kwenye pikipiki, itatikisika. Nitampelekea mwenyewe."

Mwalimu alivua miwani akaifuta kwa ncha ya kanzu, akaivaa, akaivua tena. "Nimemsamehe Masoud, duniani na akhera," akasema. "Sina changu kwake. Wewe kijana, bado. Jumamosi njoo na mashine yako, watoto watakuwa hapa."

Nassor alikwenda. Alikwenda Jumamosi tatu, na mara ya pili alinipigia simu kwa furaha kunieleza mtoto aliyeandika jina la bibi yake. Jumamosi ya nne alipata safari ya kikazi, kisha kazi zikaongezeka, na kila akija Bagamoyo huniuliza kama Mwalimu amesema neno la kumsamehe. Humjibu aende akamuulize mwenyewe. Watoto walisubiri mwezi mzima, wakaacha kuja. Nimepita pale karibuni. Kitambaa kile cha maua kimefuliwa, kimekunjwa, na meza ina vyombo vya chai.

Enzi zetu kitu cha mtu kikilala kwako, nyumba nzima ilikijua na kukikwepa, na mwenyewe alikiota mpaka arudi. Leo mwenyewe anakisahau kabla wewe hujakitengeneza, na yule mmoja anayekikumbuka huona haya kusema. Mimi nimeanza kuwafundisha wasichana wangu wa chuo hati ya mama, baada ya somo. Wanacheka, wananiuliza itawasaidia nini kwenye simu. Nawapa mkaa, waandike. Kaka yangu ameshaachiliwa, na nalala nikishukuru kwa hilo. Wanangu, na Nassor wa kwanza wao, ndio bado.

Ewe uliyesoma mpaka hapa, kama una chako kwa mtu, nenda kakidai angali hai, usione haya. Kama una cha mtu, kirudishe leo, na jina lake liandike kwa namna ambayo watoto wako wataisoma. Mwenyezi Mungu akupe afya na nyumba yenye kauli njema, akulinde na kusahau na kusahauliwa, na siku utakayoitwa akukute huna kitu cha mtu mkononi. Amin.