Firigisi ya Baba Mkwe

Binti yangu alikuwa na miaka miwili, na alikuwa amefunga mdomo. Ugali hataki. Uji wa wimbi anaupulizia mapovu hadi unamwagika. Yai, ndizi, mrenda, vyote alivigeuzia shingo. Nesi wa kliniki kule Iguhu alimzungushia mkononi ule utepe wa kupima lishe, ukasimama kwenye rangi ya njano.

"Ukirudi na nyekundu, tunamlaza," akaniambia.

Nilimbembeleza, nikamwimbia, nikamtishia. Siku moja nilirusha kijiko ukutani. Kuna wakati nilimchukia, mtoto wangu mwenyewe, kisha nikaketi nikalia kwa sababu ya kumchukia.

Jumamosi baba mkwe akaja kutoka Malinya kututembelea, tukamchinjia jogoo. Kwetu hakuna asiyejua kwamba firigisi, ile imondo, ni ya mzee. Mke akiipoteza, atasemwa mpaka kwenye matanga yake.

Nilikuwa jikoni napakua, mtoto ameshikilia sketi yangu. Nikaiweka firigisi juu ya nyama, mahali mzee ataiona. Mtoto akainyooshea kidole, akafungua mdomo.

Sikufikiria mara mbili. Niliikatakata vipande vidogo vidogo nikamlisha hapo hapo sakafuni. Akatafuna, akameza, akafungua mdomo tena, mpaka ikaisha.

Nikapeleka chakula mezani, nikarudi jikoni haraka. Nilisikia kijiko kikigeuza nyama kwenye bakuli, kikigeuza tena. Mume wangu akaja mlangoni.

"Iko wapi?"

"Iko tumboni mwa mtoto wako."

"Sasa wewe unataka nimwambie baba nini?"

"Mwambie hivyo hivyo. Mimi nimechoka."

Lakini mzee alikuwa ametusikia, akaniita mwenyewe. "Mama, kuja." Nikaenda, nikasimama karibu na mlango, macho chini. Nilikuwa tayari kutukanwa.

"Amekula yote?"

"Yote, baba."

"Huyu huyu mnasemanga hakulangi?"

"Huyu huyu."

Akanyoosha mikono. "Mlete."

Akampakata. Akamega tonge dogo la ugali, akalichovya kwenye mchuzi, akampelekea mdomoni kwa upole ambao mimi nilikuwa nimeishiwa nao. Mtoto akageuza shingo. Akamjaribu na nyama ya paja. Akageuza shingo. Mzee akachambua ini, akalipuliza lipoe. Mtoto akalishika, akalinusa, akalirudisha kwenye sahani, kisha akaanza kuchungulia ndani ya bakuli akitafuta kama babu yake alivyotafuta.

Kliniki ilikuwa Jumatano.

"Mama," mzee akasema pole pole, "lakini kuku ako na imondo moja tu."

"Najua, baba."

Nje, kuku wetu waliobaki walikuwa wakichakura uani. Nikaanza kuwahesabu.